Kutembea Milima ya Torngat na Wainuit: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Aliyefika Uhuru akisikia kwamba kilele kirefu kuliko vyote vya Torngat kina mita 1,652, hucheka. Lango la Marangu, pale unapojiandikisha kabla hata hujaanza kupanda Kilimanjaro, liko juu zaidi ya hapo. Acheke, kisha asome hadi mwisho. Torngat haimshindi mtu kwa urefu. Humshinda kwa kukosa njia, kukosa wapagazi na vibanda, kwa mito ya maji ya theluji, kwa ukungu unaozuia ndege siku nzima na ya pili yake, na kwa dubu mweupe anayeweza kutokea nyuma ya jiwe lolote lililo karibu na bahari.

Milima hii iko kwenye ncha ya kaskazini ya rasi ya Labrador, mashariki mwa Kanada. Hifadhi ya Taifa ya Torngat Mountains ina ukubwa wa kilomita za mraba 9,700 hivi. Hakuna barabara inayofika huko, hakuna kijiji ndani yake, na ukivuka mpaka wa miti hutaona mti tena mpaka urudi kusini. Ilitengwa mwaka 2005, pamoja na mkataba wa ardhi wa Wainuit wa Labrador, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, ulioizaa Serikali ya Nunatsiavut, kisha ikawa hifadhi kamili mwaka 2008 baada ya mkataba wa Wainuit wa Nunavik, upande wa Quebec. Bodi inayoshauri namna ya kuiendesha ina wajumbe saba, na wote ni Wainuit. Hii inakuhusu hata kabla hujanunua tiketi. Unakwenda nyumbani kwa watu, na mwenyeji ndiye anayepanga ratiba. Hatua zote zinazofuata zinategemea jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua aina ya safari, kisha wiki

Kuna namna mbili za kwenda. Ya kwanza ni kulala kwenye kambi kuu ya kANGIDLUASUk (hivyo ndivyo jina linavyoandikwa, herufi ndogo na kubwa zikichanganyika), katika ghuba ya Saglek, nje kidogo ya mpaka wa kusini wa hifadhi. Kambi hii ilianza mwaka 2006 na ni mali ya Serikali ya Nunatsiavut. Kila asubuhi unatoka na waongozaji kwa boti au kwa miguu, jioni unarudi kwenye chakula cha moto na kitanda kilichozungushiwa uzio wa umeme. Namna ya pili ni kushushwa na boti ndani ya fiordi, yaani ule mkono mrefu wa bahari uliobanwa na kuta za milima pande zote mbili, kisha kutembea siku kadhaa na nyumba yako mgongoni, ukiwa na mlinzi wa dubu, yaani mtu mwenye bunduki anayewakinga na dubu, mpaka boti ije kuwachukua mahali mlipokubaliana.

Ushauri wangu ni huu: kama hujawahi kubeba hema na chakula chako mwenyewe kwa zaidi ya siku mbili, chukua ya kwanza. Waombe wakuongezee usiku mmoja au miwili ya kulala nje. Utaona ukuta uleule wa fiordi ya Nachvak, na hutakuwa mzigo kwa wenzako.

Kilele chenyewe, Mount Caubvick, kiache. Si matembezi, ni kazi ya kamba na mikono. Inatosha kujua kwamba kimepewa jina la mwanamke wa Kiinuit aliyepelekwa Uingereza mwaka 1772 pamoja na wenzake wanne, na ndui ikawaua wote isipokuwa yeye.

Kuhusu wiki: kambi hufunguliwa kwa wiki chache tu kati ya Julai na mwanzoni mwa Septemba. Mwishoni mwa Julai kuna mwanga mwingi, maua, mabaka ya theluji kwenye vipito, na wadudu wasiohesabika. Kuanzia katikati ya Agosti wadudu hupungua, matunda madogo ya porini huiva, na usiku huwa na giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini ikicheza angani, lakini dhoruba huongezeka. Mimi ningechagua Agosti. Mvua huvumilika kwa koti, ila visubi havina dawa kamili.

Hatua ya 2: Karatasi na pesa

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo anahitaji viza ya mgeni ya Kanada, pamoja na alama za vidole. Anza miezi mitano au sita kabla. Ambatisha barua ya uthibitisho kutoka kwa waandaaji wa safari, kwa sababu afisa anayesoma kwamba unakwenda Labrador kaskazini kutembea milimani anaweza kudhani umebuni. Ukipitia uwanja wa ndege wa Marekani, hata kwa saa mbili, utahitaji viza yao pia. Kwa hiyo njia ya Addis Ababa hadi Toronto, au ya Ulaya, ina usumbufu mdogo. Wenye pasipoti za Uingereza na nchi nyingi za Ulaya wanaomba tu kibali cha mtandaoni.

Gharama ni maelfu ya dola za Kanada kwa mtu mmoja, mbali na tiketi za kufika Kanada. Si ulafi wa waandaaji. Kila lita ya mafuta na kila kilo ya unga hufika kwa ndege ndogo au kwa boti, na msimu wa kuzirudisha pesa hizo ni wa wiki chache. Hifadhi nzima hupokea wageni mamia machache tu kwa mwaka.

Bima ndiyo karatasi ambayo watu huichukulia kwa wepesi. Soma ndani yake, usiridhike na jalada. Lazima iseme wazi kwamba inalipia kuokolewa kwa helikopta kutoka porini na kusafirishwa hadi hospitali. Bima nyingi za watalii huishia mlango wa gari la wagonjwa, na huko hakuna gari.

Hatua ya 3: Uandae mwili kwa ardhi isiyo na njia

Kilimanjaro mzigo mkubwa hubebwa na wagumu, yaani wapagazi, wewe unabeba maji na koti. Torngat hakuna mgumu. Ukilala nje, kilo 18 hadi 20 ni zako. Na hakuna kinjia kilichochongwa na miguu ya walio kutangulia: unapita juu ya mawe yaliyobomoka kutoka mlimani, baadhi makubwa kama friji na yanatikisika, kisha unaingia kwenye majani yenye mashimo ya maji, kisha mto, kisha mawe tena. Kilomita kumi kwa siku zinatosha kumlaza mtu hoi.

Kwa hiyo kukimbia barabarani pekee hakutakusaidia sana. Miezi mitatu kabla, tembea na shanta lenye uzito kwenye ardhi mbaya. Aliye Tanga ana Usambara, aliye Morogoro ana Uluguru, aliye Nairobi ana Ngong na Aberdare. Tafuta miteremko, maana magoti huumia kwenye kushuka. Jizoeze kwa fimbo mbili za kutembelea na buti zilezile utakazovaa. Buti mpya huko ni malengelenge siku ya kwanza.

Ugonjwa wa mwinuko usikusumbue kichwa. Haupo.

Hatua ya 4: Mzigo

Kiangazi cha huko, mchana mara nyingi ni nyuzi 5 hadi 15, lakini mvua ya theluji inaweza kuanguka mwezi wowote. Jambo la msingi ni kuacha nguo za pamba nyumbani. Pamba ikilowa hubaki imelowa na kukunyonya joto. Vaa fulana ya ndani ya sufu au ya nailoni, juu yake sweta la kutia joto, na nje koti na suruali visivyopitisha mvua wala upepo. Koti jepesi la manyoya ya bata likae ndani ya mfuko usiopitisha maji, litoke tu mkisimama. Ongeza kofia ya sufu, glavu jozi mbili, soksi za sufu zisizopungua jozi nne, viatu vyepesi vya kuvukia mto, na taa ya kichwani. Begi la kulalia liwe la baridi ya chini ya sifuri. Kambi kuu utapewa matandiko, lakini uliza.

Sasa wadudu. Mbu tunawajua. Visubi wa Labrador ni wa jamaa moja na wale wanaoeneza ugonjwa wa usubi kwenye mito ya Mahenge. Kule hawaenezi ugonjwa huo, lakini hung'ata vilevile: hawatoboi kama mbu, hukata ngozi, na damu hutiririka nyuma ya masikio bila wewe kuhisi. Nunua chandarua cha kichwa chenye matundu madogo sana. Vaa nguo za rangi hafifu, ingiza suruali ndani ya soksi na shati ndani ya suruali. Sura utakayokuwa nayo ni ya kichekesho, na kila mtu atakuwa nayo.

Vitu viwili havipandi ndege ya abiria hata kwenye mzigo wa chini: gesi ya jiko na dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu. Agiza kwa waandaaji uvikute huko. Na kwa kuwa kuna waliofanya hivyo, niseme: dawa ya pilipili si ya kupulizia hema wala nguo kama dawa ya mbu. Hupuliziwa usoni mwa mnyama aliye hatua chache mbele yako. Ikikauka kwenye kitambaa, harufu yake inaweza hata kumvuta dubu.

Bunduki usiiwazie. Mgeni haruhusiwi kuwa nayo ndani ya hifadhi. Droni pia ibaki nyumbani.

Mzigo wote ukae kwenye begi laini, si sanduku gumu, na upime uzito kabla ya kuondoka, kwa sababu ndege ndogo huhesabu kila kilo. Kwenye kona iliyobaki weka zawadi ndogo: pakiti ya kahawa iliyokaangwa ya Kilimanjaro au majani ya chai ya Kericho. Wainuit ni wanywaji wa chai kwelikweli, na maongezi mazuri ya kambini huanza birika likichemka.

Hatua ya 5: Safari ya kwenda, na kusubiri

Kutoka Toronto au Montreal unaunganisha hadi Goose Bay, kwa kawaida ukipitia Halifax au St. John's. Angalia tiketi kwa makini hapa. Kuna St. John's, mji mkuu wa Newfoundland. Kuna Saint John, mji wa New Brunswick. Na ile bandari ndogo yenye kambi kuu nayo inaitwa St. John's Harbour kwenye ramani za Kiingereza. Ndege yako haiendi kwenye mbili za mwisho.

Goose Bay unapanda ndege ndogo ya Twin Otter, ambayo mara nyingi hutua Nain, mji wa kaskazini kuliko yote ya Labrador, kisha hufuata pwani hadi uwanja wa changarawe wa Saglek, uliojengwa kwa ajili ya kituo cha rada cha jeshi la Marekani. Angani ni zaidi ya saa mbili. Kutoka uwanjani hadi kambini ni boti au helikopta.

Hayo ni mambo yakienda sawa. Mara nyingi hayaendi. Ukungu ukikaa Saglek, rubani haruki, na hakuna meneja wa kumpigia. Weka siku mbili za akiba kabla ya safari na mbili au tatu baada yake. Mtu aliyebana tiketi ya kurudi Dar asubuhi baada ya kutoka kambini atalala vibaya wiki nzima, na atawasumbua wenyeji kwa swali lisilo na jibu: "Ndege itakuja saa ngapi?" Ukijibiwa "labda kesho", chukua neno hilo kama lilivyo. Hapo hujazungushwa, umepewa taarifa yote iliyopo.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza kambini

Kujiandikisha na hifadhi ni lazima kabla ya kuingia, na utapewa mafunzo mafupi ya usalama, sehemu kubwa yakihusu dubu. Sikiliza hata kama umesoma hapa.

Baada ya hapo tafuta la kufanya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambini jembe hutolewa siku ya kwanza. Boti ikifika, masanduku hubebwa kwa mikono mingi. Wapo wazee waliozaliwa kwenye pwani hiyo, wapo vijana waliokuja kujifunza, wapo wanasayansi wanaopima theluji na samaki. Mzee hutamkuta akijitangaza. Ataketi, atanyamaza, na ukikaa naye bila haraka ataanza kueleza babu yake alipita wapi na mbwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Na usimwulize mlinzi ameua dubu wangapi. Swali hilo huulizwa na kila mgeni, na linamfanya mtu aonekane muuaji kwa kazi ambayo maana yake ni dubu na mgeni wote wawili warudi walikotoka.

Chakula cha kambini ni cha kawaida ya Kanada, lakini utaonjeshwa samaki wa maji baridi mwenye nyama ya rangi ya chungwa, mbichi, aliyekaushwa au aliyechemshwa, na pengine nyama ya sili, mnyama wa baharini. Kwa Mwislamu samaki hana tatizo, naye atakutosha. Kuhusu sili, muulize sheikh wako kabla ya kuondoka. Waandaaji waambie mapema usichokula, maana duka la karibu liko umbali wa ndege.

Jambo jingine kwa wanaoswali: mwishoni mwa Julai, kwenye latitudo hiyo ya 58, jua huzama lakini haliendi chini sana, na giza kamili la isha halifiki. Programu za simu zitakupa nyakati zinazopingana. Amua kabla utafuata kanuni ipi, na kumbuka ruhusa ya msafiri ya kukusanya na kupunguza. Kibla ni mashariki ikielekea kaskazini kidogo, kama nyuzi 68 kutoka kaskazini halisi. Lakini sindano ya dira huko hupotoka zaidi ya nyuzi 20 kwenda magharibi, kwa hiyo kwenye dira ya mkononi utasoma karibu na mashariki kamili. Upotofu huohuo ndio unaowapoteza wanaosoma ramani bila kuurekebisha, wanaoswali na wasioswali.

Hatua ya 7: Kutembea na mlinzi wa dubu

Barafu ya bahari ikiyeyuka kiangazi, dubu weupe hupanda pwani na kuzunguka wakitafuta chochote. Hufuata fukwe, huvuka milima kutoka fiordi moja hadi nyingine, na huogelea vizuri kuliko unavyofikiri. Wapo pia dubu weusi, ambao kwa kawaida ni wanyama wa msituni, lakini hapa wanaishi kwenye ardhi isiyo na mti hata mmoja.

Julai 2013 kikundi cha watembezi kilipiga kambi kando ya fiordi ya Nachvak. Walikuwa na uzio wa umeme. Mlinzi mwenye bunduki hawakuwa naye. Usiku dubu aliupita uzio, akamtoa mtu mmoja kutoka hemani na kumburuta kuelekea ufukweni. Wenzake walimfukuza kwa fataki, na mtu huyo akapona baada ya kupelekwa hospitali. Hifadhi inashauri sana kila kikundi kiwe na mlinzi wa Kiinuit. Kwangu mimi, asiyetaka kumlipa mlinzi asiende.

Mlinzi anafanya nini hasa? Kwa saa nyingi, anatazama. Kabla ya boti kugusa ufukwe atakaa na darubini akipitia kila jiwe jeupe, kwa sababu kuna mawe meupe mengi na moja wapo linaweza kuinua kichwa. Yeye ndiye anayetangulia kufika juu ya kila kilima na kuchungulia upande wa pili. Yeye ndiye anayechagua mahali pa kula, na atachagua penye upepo na mandhari wazi badala ya pale palipojificha vizuri ambapo wewe ungependa. Wakiwa walinzi wawili, mmoja huenda nyuma.

Kazi yako ni rahisi kueleza na ngumu kutimiza. Akisimama, simama. Usimpite. Usibaki nyuma kupiga picha ya ua. Mwambie, atasimamisha kikundi. Hata haja ndogo unaiaga, naye atakuonyesha pa kwenda na kugeuka kando. Aibu hiyo huisha siku ya pili.

Dubu akionekana mbali, kikundi hukusanyika na kuondoka taratibu bila kumziba njia. Akikaribia, simameni bega kwa bega mwonekane wakubwa, na msikimbie kamwe. Mlinzi ataanza na kelele na fataki. Risasi ni ya mwisho kabisa, na ikifyatuliwa, kwake ni jambo la huzuni na la maelezo marefu kwa mamlaka. Ndiyo sababu ataweza kusema "tunarudi kwenye boti" dakika kumi baada ya kushuka, siku uliyoisubiri mwaka mzima. Rudi. Usibishane naye kwa hesabu ya pesa ulizolipa.

Mito ni hatari ya pili, na pengine inastahili kuwa ya kwanza. Maji yanatoka kwenye theluji, hivyo asubuhi na mapema huwa chini, na jioni baada ya siku ya jua huwa yamepanda. Karibu na bahari, kupwa na kujaa nako kunabadilisha kina. Mwongozaji atatembea juu na chini ya ukingo akitafuta pale mto unapotawanyika. Mto mpana ni mwepesi kuliko mwembamba. Kabla ya kuingia fungua mkanda wa kiunoni wa shanta, ili ukianguka ulivue. Elekea maji yanakotoka, sogea kiubavuubavu, na kila wakati miguu miwili au mguu na fimbo viwe vimeshika chini. Watatu wakishikana mikono ni imara kuliko mmoja shujaa. Ukitoka, kausha miguu na vaa soksi kavu papo hapo.

Baridi ya mvua na upepo huua polepole zaidi. Mwenzako akitetemeka, mpe nguo na kitu kitamu. Akiacha kutetemeka huku maneno yanamkwama na hatua zinapepesuka, hilo ni jambo la kusimamisha safari, kupiga hema na kumtia ndani ya begi la kulalia, wala si la kumtia moyo aendelee.

Hatua ya 8: Kulala nje

Kambi haipigwi ufukweni, maana huko ndiko barabara ya dubu. Panda juu kidogo, mahali penye uwazi. Mahema yapangwe kwa mstari, yakiwa na nafasi kati yake, si kwa duara, ili dubu akipita asijikute amezingirwa. Jiko na chakula vikae mbali, hatua mia moja hivi, ndani ya vyombo vinavyofungwa. Dawa ya meno na sabuni ni chakula pia kwa pua ya dubu. Uzio wa umeme hufungwa na kujaribiwa kila jioni, na zamu ya kukesha hupangwa. Ukipewa zamu ya saa nane usiku, kesha kweli.

Hatua ya 9: Unapokuta nyayo za watu

Utakuta duara za mawe kwenye majani. Zilishikilia kingo za mahema ya ngozi. Utakuta makaburi ya mawe. Utakuta vipande vya jiwe gumu la kijivu linalopitisha mwanga, lile la ghuba ya Ramah, lililochongwa mikuki kwa maelfu ya miaka na kusafirishwa kwa kubadilishana hadi pwani ya Marekani ya leo. Usihamishe, usichukue, hata pembe ya kulungu wa kaskazini iliyodondoka yenyewe. Ni sheria, na ni adabu.

Safari nyingi hupita Hebron, kusini mwa hifadhi, na ikiwa yako haipiti, omba. Ni kanisa refu la mbao la wamisionari wa Moravian, lililoanzishwa miaka ya 1830. Mwaka 1959 kituo kilifungwa na wakazi wakahamishwa kwenda kusini. Tangazo lilitolewa ndani ya kanisa, mahali ambapo watu hawakuzoea kubishana. Familia zilitawanywa kwenye miji yenye wenyewe, mbali na maeneo ya uwindaji waliyoyajua. Mkuu wa serikali ya jimbo, Danny Williams, aliomba radhi rasmi mwaka 2005, na maneno ya radhi pamoja na majibu ya waliohamishwa yamewekwa kwenye mnara pale pale.

Mtanzania anayejua historia ya Serengeti hatashindwa kuona kwamba mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walikuwa wakitolewa humo kupelekwa Ngorongoro. Sababu hazikuwa sawa, ila mwenye ardhi aliondolewa huku na huku. Labrador, hifadhi ilipokuja nusu karne baadaye, ilikuja kwa mkataba, na anayekutembeza mara nyingi ni mtoto au mjukuu wa waliohamishwa. Hebron usimtangulie kwa maswali. Acha aingie kanisani kwanza, naye ataongea akitaka.

Hatua ya 10: Kuondoka

Bakshishi hutolewa kwa fedha taslimu mwishoni. Uliza waandaaji kiasi cha kawaida, na beba noti kutoka Goose Bay. Shukrani kwa lahaja ya Nunatsiavut ni *nakummek*. Chandarua cha kichwa na mkebe wa pilipili ambao hukuutumia waachie kambi, watapata wa kuwapa.

Mwisho, toa taarifa kwa hifadhi kwamba umetoka. Kujiondoa kwenye daftari ni lazima kama kujiandikisha. Ukiondoka kimyakimya kwa furaha ya kuona ndege imefika, jina lako litabaki kwenye orodha ya walio milimani, na watu wataanza kukutafuta kwenye ukungu huku wewe unakunywa chai Goose Bay.